Mchango wa Kivu: MSF, Msalaba Mwekundu, hospitali ya palepale au simu ya ndugu?

Mchango ukishatimia ndipo mabishano huanza. Kikundi cha WhatsApp cha kanisa, cha msikiti, cha waliosoma pamoja au cha Wakongo walioko Arusha, Nairobi au Minneapolis kimechangishana kwa ajili ya watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mweka hazina ametangaza jumla, na sasa kila mmoja ana jina lake mdomoni. Huyu anasema Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Yule anasema Msalaba Mwekundu. Wa tatu anauliza kwa nini fedha zizungushwe Ulaya wakati hospitali ya Panzi iko palepale Bukavu. Wa nne, ambaye shangazi yake alirudi Sake, karibu na Goma, baada ya kambi ya waliohama makazi kuvunjwa, anasema: nipeni mimi, nitamtumia kwa simu jioni hii. Wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake.

Mimi huchagua kwa kuangalia njia. Kati ya mfuko wenu na mgonjwa pana barabara gani, mpaka gani, ghala la nani, na nani mwenye uwezo wa kuzungumza na mwenye bunduki anayelinda kizuizi? Na nani atakuwa bado yupo pale miezi sita baadaye, habari za Kongo zikishatoka kwenye taarifa ya saa mbili?

Swali la njia lilipata uzito mpya mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye waasi wa M23 wakawa ndani ya Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Benki zikafunga milango. Kule Bukavu ghala la Mpango wa Chakula Duniani likaporwa, takriban tani 7,000 za chakula zikaondoka mabegani mwa watu. Baada ya hapo sanduku la dawa la kwenda Goma likawa linakuja kwa barabara kupitia Rwanda hadi Gisenyi, au kupitia Uganda na Bunagana, mji wa mpakani ulioangukia mikononi mwa M23 Juni 2022. Maana yake ni kwamba shirika lisilo na mtu wa kuongea na pande zote mbili, hata liwe na fedha kiasi gani, mzigo wake unalala mpakani.

MSF na Msalaba Mwekundu: wanafanana kwa mbali tu

Ukiwatazama kwenye picha ni walewale: gari jeupe, fulana yenye nembo, daktari aliyeinama juu ya majeruhi. Hata Januari ile ya 2025 walifanya kazi ya aina moja kwa siku kadhaa. Majeruhi wa Goma walipelekwa hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, na wengine Kyeshero, inayosaidiwa na MSF. Tofauti huonekana baada ya risasi kunyamaza.

Nguvu ya ICRC ni upasuaji wa vita na yote yanayofuata. Watu wengi hudhani mtu akipigwa risasi anatolewa risasi, anashonwa, anakwenda nyumbani. Sivyo. Jeraha la vita halishonwi siku ya kwanza. Daktari hukata nyama iliyokufa, huosha, huliacha wazi chini ya bandeji, kisha siku ya nne au ya tano hurudi kuangalia: likiwa safi ndipo analifunga, likiwa bado, anaanza tena. Kwa hiyo majeruhi mmoja ni zamu mbili, tatu za chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi kila zamu, na kitanda kwa majuma. Ukisikia Ndosho imejaa, sababu si wingi wa wanaoingia peke yake. Walioingia mwezi uliopita bado wapo.

Baada ya hapo kuna waliokatwa viungo. Goma pana kituo kinachoitwa Shirika la Umoja, Bukavu pana Heri Kwetu, na vyote viwili vimesaidiwa na ICRC kutengeneza miguu ya bandia na kuwafundisha watu kutembea upya. Mtoto aliyekatwa mguu anakua, mguu wa bandia haukui. Atarudi kupimwa mwingine, na mwingine, mpaka awe mtu mzima. Hii ni kazi ya miaka, na haina picha ya kusisimua ya kuweka kwenye tangazo la kuomba fedha. Ndiyo maana mimi huipa alama nyingi.

MSF kwa upande wake haina mpinzani katika kuwahi na katika magonjwa ya mlipuko. Chukua kipindupindu, ambacho Goma ni kama jirani asiyehama. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini yake. Ndoo ile ni kipimo: muuguzi anasoma kiasi kilichotoka ili ajue kiasi cha kurudisha. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa anahitaji lita 5 za maji ya mshipani ndani ya saa tatu za kwanza. Hesabu hapo: ukiwa na chupa za nusu lita, ni 10 kwa mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana. Akizipata, karibu kila mmoja anapona. Asipozipata, anaweza kufa siku hiyohiyo. Hakuna muda wa kusubiri kikao cha bajeti. Shirika lililo tayari na ghala, mahema, klorini na wauguzi waliokwisha kufanya kazi hiyo ndilo linalookoa, na MSF iko Kongo tangu miaka ya 1970. Kazi ya namna hiyo huanzia hata nje ya hema. Mji ulipokosa maji ya bomba Januari 2025 watu walichota Ziwa Kivu, na palepale ufukweni wahudumu husimama na bomba la sindano wakitia klorini kwenye kila bidoni la lita 20 linalopita.

Sasa fedha. MSF inaishi kwa michango ya watu binafsi, zaidi ya asilimia 95, na imewahi kuzikataa fedha za serikali kwa makusudi: mwaka 2016 iliacha kupokea za Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake kwa kupinga mkataba wao na Uturuki kuhusu wakimbizi. ICRC ni kinyume, sehemu kubwa ya bajeti yake hutoka serikalini, na serikali zikibana mkono inaumia. 2023 ilifunga baadhi ya ofisi zake duniani na kupunguza wafanyakazi. Kwa mchangaji mdogo hii ina maana moja: elfu kumi yako ndani ya MSF ni sehemu ya mafuta yenyewe yanayoendesha gari, ndani ya ICRC ni nyongeza. Lakini nyongeza nayo ina thamani zaidi wakati wakubwa wanajitoa.

Jambo ambalo hubishaniwa sana vikundini ni sauti. MSF husema hadharani ilichokiona. Ndiyo iliyotoa hesabu kwamba mwaka 2023 iliwatibu watu 25,166 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao katika kambi zilizozunguka Goma, wanawake waliokwenda kutafuta kuni. ICRC ingekuwa na hesabu kama hiyo ingemwambia kamanda mezani, mlango umefungwa, na kamera isingeingia. Watu wengi huona huo ni woga. Mimi naona ni bei ya tiketi. Mwishoni mwa Aprili 2025 wanajeshi na polisi wa serikali waliokuwa wamenasa Goma kwa miezi mitatu katika vituo vya Umoja wa Mataifa, pamoja na familia zao, walianza kusafirishwa hadi Kinshasa kupitia maeneo ya pande zote mbili. Walikuwa zaidi ya elfu moja. Msafara uliongozwa na ICRC, kwa sababu pande zote ziliamini kwamba haitasema kitu njiani. Kadhalika kuwatembelea wafungwa, na kumtafuta mtoto aliyepotezana na mama yake katika kukimbia. Kazi hizo mbili MSF haizifanyi.

Kwa hiyo hapa uamuzi si mgumu kama unavyoonekana. Mkiwa na hasira ya kutaka dunia isikie, na mnataka fedha zifanye kazi mwezi huu, MSF. Mkiwa na watu waliopotea, au mnawaza juu ya walioko upande wa pili wa mstari wa mapigano na waliobaki bila miguu, ICRC. Kasoro ya MSF ni kwamba ikishambuliwa mara kwa mara huondoka. Mwishoni mwa 2020 ilifunga sehemu kubwa ya shughuli zake Fizi, Kivu Kusini, kwa sababu hiyo. Siwalaumu, Februari 2025 mfanyakazi wao alipigwa risasi akiwa ndani ya kituo chao Masisi. Lakini mgonjwa wa Fizi alibaki Fizi.

Tahadhari kwa mweka hazina kabla hatujasonga: "Msalaba Mwekundu" si mfuko mmoja. Kuna ICRC ya Geneva, kuna Msalaba Mwekundu wa Kongo ambao watu wake wa kujitolea ndio huokota na kuzika maiti mapigano yakiisha, na kuna vyama vya kila nchi. Ukitoa kwenye sanduku la Msalaba Mwekundu la nchi yako, fedha hubaki kwa kazi za nchi yako isipokuwa chama kimetangaza mchango maalumu. Kwa Watanzania hilo lenyewe linaweza kuwa jibu zuri: chama cha Tanzania kimeendesha kwa miaka mingi huduma za afya kambini Nyarugusu, Kigoma, ambako Wakongo wamekuwa wakipokelewa tangu 1996.

Umoja wa Mataifa, kwa ufupi

Mpango wa Chakula Duniani na UNICEF hubeba mzigo ambao wengine hawauwezi. Unga, mafuta na maharage kwa mamia ya maelfu ya watu havitoki kwa MSF. Siagi ya karanga ya tiba anayopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye utepe umezunguka mkono wake na kusoma chini ya milimita 115, mara nyingi imenunuliwa na UNICEF, pakiti ya gramu 92, nyingine asubuhi, nyingine jioni, mpaka katoni inakaribia kwisha. Siwezi kusema mabaya juu ya kazi hiyo. Ila sehemu kubwa ya bajeti hizo hutoka serikalini, mchango wa kikundi hauonekani humo, na maghala makubwa ndiyo ya kwanza kuporwa. Kwa kikundi chetu napita.

Hospitali ya palepale

Hapa ndipo wa tatu kwenye WhatsApp ana hoja nzito kuliko anavyojua. Daktari Denis Mukwege alikuwa akifanya kazi hospitali ya Lemera iliposhambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wahudumu wakauawa vitandani. Panzi aliifungua Bukavu 1999, katikati ya vita vingine, na tuzo yake ya Nobel ya 2018 ilikuja baada ya karibu miongo miwili ya kushona wanawake walioharibiwa kwa ubakaji. Goma pana HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn. Jengo lao lilimezwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002 nao wakajenga tena. Mashirika ya nje huhesabu miaka waliyokaa Kivu. Hawa wana makaburi ya wazazi wao huko.

Faida ya pili haisemwi sana: gharama za mgonjwa wa kawaida. Mahali ambapo shirika kubwa linasaidia, matibabu ya majeruhi huwa bure. Lakini vita havisimamishi uzazi pingamizi, kisukari wala mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, na nje ya miradi hiyo Kongo mgonjwa hulipa. Asipoweza, si ajabu akazuiwa wodini na mtoto wake mchanga mpaka ndugu walete fedha. Mfuko wa kulipia bili za wasio na uwezo katika hospitali ya dayosisi au ya jumuiya ya Kiprotestanti ni msaada wa dharura kamili, ingawa hauna gari jeupe.

Udhaifu wao ni kwenye njia ileile. Benki za Kivu zilipofungwa, akaunti zao za ndani hazikuwa na maana. Hospitali zenye majina zina marafiki nje ya nchi wanaopokea michango kwa niaba yao, hizo mtazifikia. Zahanati ndogo ya Kalehe au Walikale haina, na hapo mtategemea padri, mchungaji au mtu mliyesoma naye. Pia hospitali ya palepale haiwezi kukataa kirahisi amri ya anayetawala mji. Daktari mgeni anaweza kupanda gari akaondoka, Mkongo ana familia mtaa wa pili.

Simu ya shangazi

Mimi ni mpenzi wa njia hii, tena bila aibu. Tangu awali waliohama makazi mashariki mwa Kongo wengi wao hawakai kambini. Wanalala kwa ndugu, kwa waumini wenzao, kwa mtu wasiyemjua aliyefungua mlango. Na Februari 2025 kambi kubwa zilizoizunguka Goma, Bulengo na Lushagala na nyingine, zilivunjwa kwa amri ya M23, watu wakarudi vijijini Masisi, Rutshuru na Nyiragongo wakakuta nyumba hazina mabati. Orodha za wagawaji huchelewa kuwafuata. Simu haichelewi. Shangazi wa Sake anajua mwenyewe kama leo ni mbegu za maharage, kodi, au nauli ya pikipiki ya kumpeleka mjamzito hospitali, na hiyo nauli ya mwisho mara nyingi ndiyo tofauti kati ya mama aliyefika na ambaye hakufika.

Ila muijue ilivyo. Benki zikifungwa noti huadimika, na noti zikiadimika wakala anakata zaidi wakati wa kutoa, kwa hiyo ongezeni cha juu. Tumeni kidogokidogo badala ya mkupuo, maana mtu anayeonekana kuwa na fedha huvutia wageni usiku. Msimtangaze kikundini kwa jina na picha. Na msidanganyike kwamba mmefanya kazi ya hospitali: shangazi hawezi kununua lita 5 za maji ya mshipani saa nane usiku. Kuna dhuluma nyingine iliyomo ndani, kwamba mwenye ndugu Minneapolis anapata na jirani yake hapati. Wakongo wenyewe hulijua hilo, na si mara moja utasikia shangazi amegawa nusu.

Marobota na dawa za kabatini

Kila mara atatokea mtu wa kusema tukusanye nguo. Jibu ni hapana. Robota linalipiwa usafiri, ushuru na ghala, kisha linafika Goma, mji ambao mitumba imejaa sokoni na kuna mama anaishi kwa kuiuza. Dawa ndiyo mbaya zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, ikiwa na lebo inayosomeka na iliyoombwa na wanaoipokea. Vidonge vilivyobaki kwenye droo ya Dubai au London havina hata kimoja. Maziwa ya kopo ya watoto msiyafikirie kabisa, mahali maji yanatoka ziwani.

Basi tutume wapi?

Kama mchango ni mdogo, msiugawe. Ada za kutuma zitaumaliza, na kila kipande kitafika kikiwa makombo. Kama wengi kikundini wana jamaa Kivu, simu kwanza, kwa makubaliano kwamba kila familia itakayopokea ina mgeni aliyekimbia vita ndani. Kama hamna mtu huko, MSF ni chaguo rahisi kuliko yote: mnalipa kwa kadi na hamna haja ya kumjua yeyote. Mchango mkubwa zaidi, wa harambee ya kanisa zima au wa Ramadhani, mimi ningeupeleka hospitali ya palepale kupitia marafiki wake wa nje, kwa sababu huko fedha za ukubwa huo zinaonekana na zinabaki. ICRC ningeichagua kwa mchango wa kila mwezi, kidogo kidogo, kwa ajili ya yule mtoto anayebadilisha mguu.

Na lile sanduku dogo kwenye fomu linalouliza "kwa matumizi gani"? Kwa MSF na ICRC liacheni wazi, au andikeni Kongo tu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, MSF ilipokea fedha nyingi kuliko kazi iliyokuwepo ikawaomba watu waache kuchangia tsunami, kisha ikalazimika kurudi kwa waliokwisha kutoa kuomba ruhusa ya kuzihamishia kwingine. Mkiandika "Goma" na kipindupindu kikalipuka Uvira, mmewafunga mikono. Kwa hospitali ya palepale fanyeni kinyume: andikeni wazi kama ni bili za uzazi, dawa za usingizi au mishahara ya wauguzi, na muombe risiti yenye mhuri.